Ghala Lililo Ndani ya Kompyuta

Leo tutajifunza jinsi kompyuta inavyogawa nafasi ya kumbukumbu yake.

Hapa Songea twayajua maghala ya mahindi ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Kumbukumbu ya kompyuta nayo ni kama ghala. Ina vyumba vidogo vingi, kila kimoja na namba yake. Programu ikitaka kuweka kitu, humwomba mgawaji nafasi. Mgawaji naye ni programu. Kazi yake ni kutoa nafasi na kuipokea tena.

Tuseme kuna vyumba 10 katika mstari mmoja. Chumba cha 2, cha 5 na cha 8 ni vitupu, vingine vimejaa. Unakuja mzigo wa vyumba 3. Hauna pa kukaa, maana vyumba vyake lazima vifuatane. Nafasi ipo, lakini imetawanyika. Kwa nini tusisogeze mizigo? Kwa sababu kila mwenye mzigo ameshika namba ya chumba chake. Ukiuhamisha, ataifuata namba ile ile na kuchukua mali ya mwingine.

Iko dawa. Lugha ya C, iliyotungwa na Dennis Ritchie huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, humruhusu fundi kutengeneza mgawaji wake mwenyewe. Tuseme anaandika programu ya kupokea mahindi. Kila mkulima ana kadi yake: jina, kilo na bei. Kadi zote ni za ukubwa mmoja. Basi fundi huomba eneo kubwa mara moja, hulikata vipande sawasawa, na katika kila kipande kitupu huandika namba ya kitupu kinachofuata, kama shanga katika uzi. Kadi mpya hupewa kipande cha kwanza. Mkulima akiisha kulipwa, na hesabu yake kuandikwa katika daftari la kudumu, kipande hurudi mwanzo wa uzi. Hakuna kutafuta, na kila kipande chaifaa kila kadi.

Lakini angalieni! Vipande visiporudishwa, eneo hujaa na kazi husimama. Kipande kikirudishwa mara mbili, huweza kupewa wakulima wawili. Kilo za mmoja huandikwa juu ya kilo za mwenzake, naye hukosa haki yake. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kujadiliana:
1. Chumba cha 6 kikiachwa wazi, je, mzigo wa vyumba 3 utaingia? Na cha 7 pia kikiachwa?
2. Kwa nini kadi zote ziwe za ukubwa mmoja?