Kinu cha Kikundi: Tukague Hatari Kabla Mtu Hajaumia

Vikundi vyetu vingi vina kinu cha kusaga, au posho mili kama tulivyozoea kusema. Wanachama wamechanga, wakachukua mkopo, wakanunua injini ya dizeli, wakajenga kibanda cha mabati, na kijana mmoja akaandikwa kuendesha mashine. Kila jioni mweka hazina anahesabu pesa. Sasa tunawauliza swali moja: mwajiri wa kijana huyo ni nani?

Mara nyingi swali hili likiulizwa mkutanoni watu huangaliana. Kisha mmoja anasema, "Huyo hajaajiriwa, ni kijana wetu tu." Lakini kijana wenu anapokea mshahara kutoka kwa kikundi. Kwa hivyo mwajiri ni nyinyi: mwenyekiti, karani, mweka hazina na kamati yote. Akiumia hamtaulizwa kama ni jamaa yenu. Mtaulizwa mlifanya nini ili asiumie.

Sheria ya Kenya ndivyo inavyosema. Zamani tulikuwa na Sheria ya Viwanda, Sura ya 514, na watu wengi mashambani walidhani hayo ni maneno ya viwanda vikubwa vya Nairobi na Thika. Mwaka 2007 ilipitishwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo inahusu kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, iwe ni kwa muda au kwa kudumu. Inamtaka mwajiri apime hatari zilizopo kazini, achukue hatua kufuatana na aliyoyaona, kisha nakala ya ripoti imfikie afisa wa usalama na afya kazini wa eneo lake. Mwaka huo huo ikapita Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ambayo inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi. Kikundi kisicho na bima kitalipa kutoka mfukoni, na mfuko wa kikundi mnaujua ulivyo.

Haya maneno "kupima hatari" yanatisha watu bure. Kwa kinu cha kijijini ni kutembea polepole kutoka mlangoni hadi mwisho wa kibanda, mkiuliza maswali mawili. Ni kitu gani hapa kinaweza kumuumiza mtu? Na kwa jinsi tunavyofanya kazi kila siku, kuna uwezekano gani akaumia kweli? Hayo si swali moja. Mkanda unaozunguka ni hatari popote ulipo. Lakini mkanda ulio ndani ya kizimba cha wavu wa chuma hauwezi kumfikia mtu, na mkanda ulio wazi, kando ya mahali kina mama wanapopanga foleni na leso zao, ni ajali inayongoja siku yake.

Tembeeni mashine ikiwa inafanya kazi, siku ya soko ikiwezekana, maana Jumapili kibanda kikiwa kitupu kila kitu huonekana salama. Na msiende kamati peke yenu. Msagaji awe mbele. Yeye ndiye anayejua ni wapi alikoponea chupuchupu wiki jana, ila hatasema kama anaogopa kufutwa. Mwambieni mapema kwamba hamkuja kutafuta makosa yake.

Tuanze na mkanda, kwa sababu ndio tunaouona wazi katika vinu vingi. Injini inazungusha puli, puli inavuta mkanda, mkanda unazungusha kinu. Pale mkanda unapoingia kwenye puli ndipo penye kuuma. Mkono wa shati, ncha ya leso au nywele ndefu zikishikwa hapo, mtu anavutwa kabla hajapiga kelele. Tumeona kikundi kimoja kimeandika kwa chaki ukutani, "Jihadhari na mkanda." Wamefanya vizuri kuandika, lakini mtoto wa miaka mitatu hajui kusoma, na maandishi hayamshiki mtu anapoteleza. Dawa ni fundi wa kuchomelea atengeneze kizimba cha chuma na wavu kinachofunika mkanda na puli zote mbili, kikazwe kwa nati ili kisiondolewe kwa mkono tu. Halafu wekeni ukuta mfupi au reli, wateja wabaki upande wao na mashine upande wake.

Hapa tuseme jambo ambalo vikundi vingi hupindua. Mkiona hatari, wazo la kwanza huwa ni kununua glavu au kumwambia kijana awe mwangalifu. Hilo liwe la mwisho. Kwanza ulizeni kama hatari yenyewe inaweza kuondolewa kabisa. Isipowezekana, je, inaweza kuzibwa au kutengwa na watu? Baada ya hapo ndipo mbadilishe mpango wa kazi, kama vile nani anaruhusiwa kuingia na mashine izimwe saa ngapi. Vifaa vya kuvaa vinafuata nyuma, na ni mwajiri anayevinunua, si msagaji. Tena glavu karibu na mkanda ni hatari kuliko mkono mtupu, kwa kuwa zinashikwa upesi.

Jambo la pili ni mahindi kukwama. Mteja ana haraka, mahindi hayashuki, na msagaji anaingiza mkono. Ndani ya kinu mna nyundo za chuma zinazozunguka kwa kasi sana, na hata injini ikizimwa zinaendelea kuzunguka kwa muda. Kanuni iwe moja: zima, ngoja mpaka kimya kiwe kimya kweli, ndipo ufungue. Ikiwa kinu ni cha umeme, swichi kubwa izimwe na ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayesafisha, asije mwingine akawasha bila kujua. Na kamati imtetee msagaji wateja wakinung'unika. Kanuni ambayo kijana anatukanwa kwa kuifuata haitadumu hata juma moja.

Moshi wa injini nao unahitaji macho, kwa kuwa sehemu yake mbaya haionekani. Ndani ya moshi mna gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Msagaji akisema kichwa humuuma kila jioni na akitoka nje hupata nafuu, msimwambie ni malaria bila kuangalia bomba la moshi. Bomba litoke nje ya kibanda, lipite juu ya paa, lisiwe na matundu. Mvua ikinyesha watu hufunga madirisha na mlango wakati injini inanguruma. Hapo ndipo shida inapoanza.

Vumbi la unga hudhaniwa kuwa chakula tu, na hivyo halina neno. Lakini likivutwa kila siku kwa miaka linaweza kuleta pumu. Likijaa hewani ndani ya chumba kilichofungwa, moto mdogo unaweza kulilipua. Kwa hivyo koroboi na sigara zisiingie. Fungeni mfuko wa kitambaa imara mahali unga unapotokea, na madirisha yawe makubwa pande mbili.

Kelele je? Kama inabidi upige kelele ndipo mtu aliye umbali wa hatua moja akusikie, masikio ya msagaji yanaharibika polepole, nayo hayarudi. Pamba ya kawaida haisaidii sana. Nunueni vizuia kelele vya masikio vinavyofaa. Magunia ya kilo 90 yasibebwe na mtu mmoja. Yagawanywe, au mjenge ngazi pana ya kumiminia mahindi. Na kwa wale wanaowasha injini kwa hendeli: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisiizunguke hendeli, kwa maana injini ikirudisha nyuma huvunja mkono.

Hamtaweza kurekebisha yote mwezi mmoja, na hakuna anayewadai hivyo. Pangeni. Lile linaloweza kuua au kukata kiungo litangulie, hata kama ni la bei, na lile la kukwaruza lingoje. Kizimba cha mkanda kije kabla ya kupaka rangi kibanda, hata kama kuna mgeni anayekuja kuona mradi.

Karani aandike katika daftari: tuliona nini, nani anaweza kuumia, tumeamua nini, nani atafanya, kabla ya tarehe gani. Kwa mfano, "Mkanda hauna kizimba. Msagaji, wateja, watoto. Fundi atengeneze kizimba, kinu kisimame mpaka kiwekwe. Mweka hazina, kabla ya tarehe 15." Bila jina na tarehe, jambo hilo litasomwa tena mwaka ujao vile vile lilivyo. Nakala pelekeni kwa afisa wa usalama na afya kazini. Kama hamjui alipo, ulizeni katika ofisi ya kazi ya kaunti yenu. Mkibadilisha injini, mkihamisha kinu au mkiandika msagaji mpya, rudieni ukaguzi. Kukitokea ajali, hata ile ambayo hakuna aliyeumia, rudieni juma hilo hilo, msagaji akiwa mbele kama mara ya kwanza.