Gari Likinyanyuliwa au Likishushwa, Nini Hubadilika?

Ni ombi la kawaida katika gereji za Dodoma: mtu amenunua Toyota IST, Passo au Probox iliyotumika Japani, naye anataka inyanyuliwe. Sababu yake haina ubishi. Magari hayo yalisanifiwa kwa ajili ya lami. Yakiiacha barabara kuu ya Morogoro na kuingia njia za vijiji vya Chamwino, hukutana na makorongo ya mchanga na mifereji iliyochimbwa na magurudumu ya malori. Huko Bahi, udongo mweusi wa mbuga hugeuka tope zito kati ya Desemba na Aprili. Sampo ikipasuliwa na jiwe, oili humwagika na safari hukoma, hata kama ndani yupo mama mjamzito anayewahishwa hospitali. Vijana wachache hufanya kinyume: hukata springi ili gari liilalie lami kama la mashindano.

Kazi zote mbili hubadilisha kimo cha kitovu cha uzito wa gari. Gari likikata kona, sehemu ya uzito huhamia magurudumu ya upande wa nje. Kiasi kinachohama hutegemea mwendo, ukali wa kona, na uwiano kati ya kimo cha kitovu hicho na upana wa gari kutoka gurudumu hadi gurudumu. Chukulia gari ambalo kitovu chake kiko sentimita 55 kutoka ardhini. Likinyanyuliwa kwa sentimita 5, uzito unaohama katika kona ileile, kwa mwendo uleule, huongezeka kwa takriban asilimia 9. Likishushwa kwa kiasi hicho, hupungua vivyo hivyo. Ndiyo maana gari la chini hutulia konani na la juu hulala upande. Nguvu ya injini haiongezeki kwa lolote kati ya hayo, ingawa wapo wanaoamini hivyo.

Spesa, yaani vile vipande vya mpira au chuma vinavyowekwa juu ya shokapu, haviongezi ugumu wa springi. Gari hupata urefu bila kupata kizuizi kipya cha kuyumba. Ekseli za mbele nazo hulazimika kufanya kazi zikiwa zimepinda zaidi, na jointi zake huisha mapema. Mlio wa kugongagonga wakati wa kukata kona ndio dalili.

Springi iliyokatwa ina hasara nyingine. Huwa ngumu zaidi, lakini nafasi ya gurudumu kupanda na kushuka hupungua. Kwenye tuta shokapu hufika mwisho wake kwa kishindo, na gurudumu linaloruka halishiki barabara. Ikikatwa kwa moto wa gesi, chuma chake hupoteza uimara.

Linalosahauliwa mara nyingi ni breki. Baadhi ya magari ya mizigo yana vali inayopima umbali kati ya ekseli ya nyuma na bodi ili kutambua mzigo. Sehemu ya nyuma ikinyanyuliwa, vali hudhani gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma, hata kama limesheheni mahindi ya Kibaigwa. Ikishushwa, breki hizo hukaza kupita kiasi, na mkia wa gari huweza kuteleza penye maji.

Kwa njia za wilaya hizi, bamba la chuma la kukinga sampo ndilo la kuanza nalo. Ni nafuu na haligusi uthabiti wa gari. Anayelazimika kunyanyua atumie springi na shokapu zilizotengenezwa kwa kimo hicho, kisha apime alaimenti na kurekebisha taa za mbele ili zisiwapofushe wanaokuja. Noah na magari mengine ya abiria yapelekwe kwa mkaguzi wa magari wa Polisi baada ya mabadiliko hayo, kabla ya kupakia mtu.

Na palipo na eneo ambalo kila gari hugonga chini, kasoro ni ya barabara. Taarifa ifikishwe kwa mtendaji wa kata, ikitaja kijiji na mahali hasa, ili iwasilishwe TARURA, wakala unaosimamia barabara za wilaya tangu mwaka 2017.