Sindano ya Kumwingiza Ng'ombe Jotoni

Wasikilizaji wa Makanyagio, mjini Mpanda, mwajua hasara ya ng'ombe wa maziwa akaaye miezi mingi baada ya kuzaa asitake dume. Hana mimba, na maziwa yapungua.

Ng'ombe huingia jotoni kila baada ya siku 21 hivi, nalo joto lapita upesi, pengine kwa saa 18 tu. Likija usiku, mwenyewe halioni. Nyati wa maziwa wa India na Misri (si hawa wa mwituni Katavi) hulificha zaidi.

Yai likiisha kutoka, katika ovari hubaki kinundu cha manjano. Hicho hutoa homoni izuiayo joto jingine. Dawa iitwayo prostaglandini hukiyeyusha, na joto huonekana baada ya siku 2 hata 5. Hivyo mhimilishaji aweza kuagana na mfugaji siku ya kuja na mbegu, kama zile zitokazo kituo cha Usa River, Arusha.

Lakini angalieni: kinundu hicho hicho ndicho kilindacho mimba. Ng'ombe mwenye mimba akidungwa, aweza kuitoa. Basi daktari wa mifugo hana budi kumpima kwanza. Tena ng'ombe aliyekonda kwa kiangazi mara nyingi hana kinundu. Huyo apewe majani na pumba, sindano hiyo haimfai kitu. Na mwanamke mwenye mimba asiiguse kabisa dawa hiyo, kwani hupenya katika ngozi.