Vali Ndogo Chini ya Tangi

Kabla mvua ndefu hazijafika, malori ya mafuta hutoka Kitale kuelekea Endebess. Trekta za mashamba makubwa ya mahindi chini ya Mlima Elgon hazilimi bila dizeli, nayo huwekwa shambani kwenye matangi ya chuma. Maji ya nchi hii hayakai hapa. Koitobos huingia Nzoia, na Nzoia hupita Bungoma hadi Ziwa Victoria. Kaskazini, Suam hugeuka Turkwel na kuishia Ziwa Turkana. Dizeli ikifika mtoni, walio chini ndio watakaoinywa.

Mara nyingi tangi huoza kutokea ndani. Usiku wa baridi, mvuke ulio kwenye hewa juu ya mafuta hugeuka matone. Lita ya dizeli ina uzito wa gramu 830 hivi, ya maji ni 1,000, kwa hiyo maji huzama na kutulia sakafuni. Pale yanapogusana na mafuta huzaliana bakteria na kuvu wanaojilisha dizeli na kutoa asidi, na asidi hula chuma huku rangi ya nje ingali inang'aa. Fundi makini hupaka dawa ya kupimia maji kwenye ncha ya kijiti na kukishusha hadi chini. Ikibadilika rangi, maji yapo na lazima yatolewe. Tangi lililojaa nalo huacha hewa kidogo, hivyo matone huwa machache.

Chuma kikishindwa, kunabaki ukuta wa kinga. Kipimo kinachotumika sana ni asilimia 110 ya ujazo wa tangi. Tangi la lita 10,000 lililoinuliwa juu ya nguzo, katika uwanja wa mita 5 kwa 4, linahitaji ukuta wa sentimita 55, wa zege na wenye sakafu ya zege, kwa sababu udongo mwekundu wa Elgon hupitisha mafuta kuelekea visimani.

Kisha mvua inanyesha. Milimita 50 tu za jioni moja huingiza humo lita 1,000, yaani ile akiba yote ya asilimia 10. Ndiyo maana ukuta huwekewa bomba la kutolea maji, lenye vali. Naamini hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko kutu: mtu huchoka kufungua na kufunga kila mvua inaponyesha, akaiacha wazi msimu mzima. Siku tangi litakapotoboka, mafuta yatafuata njia ileile ya maji hadi mtaroni.

Tunajua mtaro unavyoweza kuua. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli iliyovuja kutoka mitambo ya Kenya Pipeline mjini Nairobi ilifuata mfereji hadi kitongoji cha Sinai. Ililipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Huko Buncefield, Uingereza, Desemba 2005, geji ya tangi ilikwama wakati petroli ikiingia, na swichi iliyopaswa kuzima mtiririko haikufanya kazi. Zaidi ya lita 250,000 zilifurika kabla ya mlipuko. Kwa hiyo hata mwenye geji nzuri apime kwa kijiti kabla lori halijaanza kushusha, na asiondoke mpaka limalize.

Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 humbebesha mwenye kumwaga mafuta gharama za kusafisha. Vali ni rahisi zaidi. Iwekwe nje ya ukuta, mpini wake uonekane kutoka njiani, ifungwe kwa kufuli, na ufunguo akae nao mtu mmoja anayejulikana. Kabla ya kufungua, atazame maji: yakiwa na utando wenye rangi za upinde wa mvua, yasitoke. Yapitishwe kwenye kisima cha kutenganishia, ambamo dizeli huelea juu na maji hutokea chini kupitia bomba lililopinda. Vali ifunguliwe kidogo tu, kwani maji yakienda kasi matone ya mafuta hayapati muda wa kupanda, nayo huburutwa hadi nje.