Mlinzi wa Nguo

Ndugu msomaji, hasa wewe unayelala bwenini hapa Musoma, Bunda au Butiama: wenzako wakiruka uzio usiku, nawe ukawaachia dirisha wazi, usijitetee kwamba hukutoka. Sauli hakurusha jiwe hata moja. Alilinda nguo za waliompiga Stefano (Mdo 7:58).

Mwaka 1966 Mwalimu Nyerere aliwafukuza chuoni wanafunzi walioandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa. Walilalamikia pia mishahara minono ya wakubwa. Hapo akatazama na upande wake, akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Wangapi kwetu wangethubutu?

Yesu anataka uanze na mwenzako, faraghani (Mt 18:15). Mwambie leo, kabla ya kengele ya kulala. Asiposikia, mwone mlezi wa bweni.