Gitaa, Injili na Kura: Yaliyowafika Walokole wa Marekani

Mtunzi kuingia katika siasa si jambo geni kwetu watu wa pwani. Muyaka bin Haji alizitumia beti zake kuwatetea Mazrui wa Mombasa dhidi ya Seyyid Said, na hadi leo twamsifu. Lakini mtunzi mmoja kuingia vitani kwa hiari yake ni mbali na sanaa nzima ya dini kuchukuliwa na siasa. Hayo ya pili ndiyo yaliyowafika Wakristo wa Kiinjilisti wa Marekani, ndugu wa hao tuwaitao hapa walokole.

Mwanzo walikuwa vijana wenye nywele ndefu na magitaa. Mwaka 1969 Larry Norman alitoa santuri iitwayo Upon This Rock, akamwimbia Yesu kwa muziki wa roki, ambao wazee wengi wa makanisa wakiuona ni wa shetani. Mwaka 1972 maelfu ya vijana walikusanyika Dallas katika Explo '72. Haja yao kubwa ilikuwa kuokoa roho, si kuhesabu kura.

Ama mbegu ya siasa ilikuwa tayari imo vitabuni. Mwaka 1970 Hal Lindsey alitoa The Late Great Planet Earth, akidai kuwa kuundwa kwa Israeli mwaka 1948 ni alama ya mwisho wa dunia. Kiliuzwa kwa mamilioni. Msomaji alidhani asoma habari za Kiyama, kumbe afunzwa upande wa kushika katika mambo ya Mashariki ya Kati.

Kadhalika walikuwa na manung'uniko yao. Mahakama Kuu ya nchi ilikuwa imekataza sala rasmi katika skuli za serikali mwaka 1962, na mwaka 1973 ikahalalisha utoaji mimba, hukumu iliyotenguliwa mwaka 2022. Na wahubiri wa televisheni walikuwa na majina na anwani za watu waliowaletea michango. Ni mgombea gani asiyeitamani hazina kama hiyo? Mwaka 1979 mhubiri Jerry Falwell aliasisi Moral Majority, na mwaka uliofuata kundi hilo likampigania Ronald Reagan. Tim LaHaye, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wake, ndiye aliyeanza mwaka 1995 kutoa riwaya za Left Behind pamoja na Jerry Jenkins. Zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 60. Basi mwanasiasa na msimulizi wakawa mtu mmoja.

Asidhani msomaji kwamba haya ni ya mbali. Tarehe 14 Mei 2018 Marekani ilifungua ubalozi wake Jerusalem, ndiyo Quds, na miongoni mwa walioomba dua hapo ni wahubiri wawili wa Kiinjilisti, Robert Jeffress na John Hagee. Siku hiyo hiyo, mpakani Gaza, askari wa Israeli waliwaua Wapalestina zaidi ya 50.

Hata hivyo siwacheki. Nimesoma chuoni, nimekulia kasida za Maulidi, na naona wagombea wetu nao wanavyopenda kukaa safu ya mbele na kutajwa majina. Uchaguzi ukisha, mgombea huenda zake. Kasida iliyokwisha kuimbwa kwa ajili yake si rahisi tena kuirudisha kwa Mtume.