Kabla ya kuilaumu dawa, pima bomba lako

Msimu wa nyanya ukishika kasi simu yangu huwa haitulii, na nyingi zinaanza hivihivi: "Bwana shamba, hii dawa niliyouziwa ni feki. Nimepiga mara tatu na kantangaze bado wapo." Dawa feki zipo, sikatai, na dukani uangalie lebo na namba ya usajili ya TPHPA kabla hujatoa hela yako. Lakini nikifika shambani siombi kwanza kuiona chupa. Naomba kuliona bomba. Mara nyingi nakuta nozeli imepanuka, presha haipandi, mpira umefungwa kwa kipande cha nailoni, na mwenye shamba hajui anamwaga lita ngapi kwenye ekari moja. Kwa bomba la namna hiyo hata dawa halisi itaonekana feki.

Kwa hiyo leo tulifungue bomba lenyewe. Nazungumzia lile la mgongoni la lita 16 lenye mkono wa kupampu, ambalo wengine mnaliita solo kwa jina la kampuni moja ya Kijerumani, hata kama lenu limetengenezwa kwingine kabisa. Si chombo cha juzi. Miaka ya 1880 huko Ufaransa, wakulima wa zabibu walipoanza kutumia mchanganyiko wa shaba na chokaa kupambana na ukungu, mafundi kama Victor Vermorel walikuwa tayari wanawatengenezea mabomba ya kubeba mgongoni. Tanki lilikuwa la shaba badala ya plastiki, lakini ukilifungua lile na la kwako leo utaona ni ndugu.

Ndani kuna nini

Ukivuta mkono, pistoni inapanda ndani ya silinda, valvu ya kuingizia inafunguka (kwenye mabomba mengi ni gololi ndogo tu) na maji yanaingia. Ukisukuma, valvu hiyo inajifunga, ya pili inafunguka, na maji yanasukumwa kwenye chemba ya presha. Chemba hii watu wengi hawaijui, na ndiyo yenye siri. Maji hayabonyei, hewa inabonyea. Maji yakiingia humo, hewa iliyomo inabanwa kama springi, kisha inaendelea kuyasukuma maji hata pale mkono wako unapokuwa katikati ya pigo. Ndiyo maana dawa inatoka mfululizo wakati wewe unapampu kwa kukatiza.

Sasa kama bomba lako linatoka kwa kurukaruka, unajua pa kuanzia. Ama chemba imejaa maji na haina hewa, ama gololi imeshikwa na uchafu haifungi sawasawa, ama washa ya pistoni imekwisha. Toa presha yote kwanza kwa kubonyeza kishikio mpaka pasitoke kitu, ndipo ufungue. Washa ni kitu cha bei ndogo, ila ukienda nayo dukani beba ile ya zamani, maana zinafanana kwa macho na hazifanani kwa saizi.

Yapo pia mabomba yenye kiwambo cha mpira badala ya pistoni. Pistoni inapandisha presha kubwa zaidi, lakini dawa za unga kama za shaba na mankozebu zina chembe zinazosugua washa zake kama msasa. Kiwambo kinavumilia unga vizuri ila presha yake ni ya chini. Kwa mtu wa nyanya anayepiga dawa za ukungu kila wiki, mimi ningemshauri kiwambo akikipata. Kama ana la pistoni, achuje dawa kwa kitambaa kabla ya kuimimina, na asiling'oe lile chujio la mdomoni mwa tanki ati linachelewesha kujaza.

Tundu dogo linaloamua kila kitu

Tanki, pampu, mpira na fimbo vyote vinatumikia kitu kimoja: nozeli. Hii ndiyo inayoamua maji yatoke kiasi gani, kwa umbo gani, na kwa matone ya ukubwa gani.

Nozeli ya koni inayazungusha maji kabla hayajatoka, kwa hiyo yanaanguka kama duara, mara nyingi lenye uwazi katikati. Matone yake ni madogo na yanaingia katikati ya majani kutoka pande nyingi. Hii ni ya wadudu na ukungu. Nozeli bapa inatoa maji kama upepeo uliofunguliwa, yanatandaza mstari ulionyooka, nayo ni ya magugu. Ipo na ile ambayo maji yanagonga kikuta kidogo na kutawanyika kwa upana kwa presha ndogo na matone makubwa. Hiyo nayo ni ya magugu, hasa siku yenye kaupepo. Ukipiga magugu kwa koni, matone madogo yatapeperuka hadi kwenye maharage ya jirani, na hapo mtaonana kwa mwenyekiti wa kijiji.

Kuhusu ukubwa wa tone kuna hesabu moja inashangaza. Tone moja ukiligawa upana wake uwe nusu, unapata matone 8 kwa maji yaleyale. Kwa hiyo matone madogo yanafunika jani vizuri zaidi. Lakini yakishuka chini ya mikroni 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita, hayana uzito wa kufika chini, upepo unaondoka nayo. Makubwa kupita kiasi yanagonga jani na kuteleza. Ukiona majani yanachuruzika, ujue dawa unayoilipia inalisha udongo.

Na umbo zuri halisaidii ukielekeza fimbo vibaya. Kantangaze hutaga mayai zaidi chini ya jani, na kiwavi wake anajichimbia ndani. Ukipita unanyeshea juu kama mvua, umempigia paa la nyumba. Pindua nozeli itazame juu, ipitishe chini ya majani. Kwenye mahindi, viwavijeshi vamizi wanakaa moyoni mwa mhindi, basi dawa ielekee humohumo.

Nozeli zilizotengenezwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO zina rangi, na rangi ni kipimo. Kwa presha ya baa 3, ya chungwa inatoa kama lita 0.4 kwa dakika, ya njano 0.8, ya buluu 1.2, nyekundu 1.6. Zile za koni za kuzungusha zinazokuja na mabomba ya bei nafuu hazifuati rangi hizo, na zina ubaya mwingine: ukiizungusha kidogo kubadilisha mwagiko, umebadilisha na kiasi. Ukishapata mwagiko unaoutaka, weka alama ya wino uache kuichezea.

Nozeli inaliwa. Dawa inapita humo kwa nguvu msimu mzima na tundu linapanuka taratibu bila jicho kuona. Ipime hivi: tia maji safi, pampu kwa mwendo wako wa kawaida, fungulia ndani ya ndoo kwa dakika moja, pima kwa jagi lenye mistari. Fanya hivyo siku unayoinunua, andika. Rudia kila baada ya muda. Ikizidi kile kiasi cha mwanzo kwa zaidi ya asilimia 10 itupe, kwa mfano kutoka lita 1.2 ikafika zaidi ya 1.3. Ikiziba, isafishe kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni. Usichokonoe kwa mwiba wala waya, unaipanua mwenyewe. Na usiipulize kwa mdomo! Nimeona vijana wakifanya hivi huku wakiongea na mimi.

Kupampu sana hakuongezi sana

Wengi wanaamini ukipampu kwa nguvu dawa inaongezeka kwa kiasi hichohicho. Hapana. Ili maji yatoke mara mbili, presha inabidi ipande mara nne. Kinachobadilika haraka ni matone: yanakuwa madogo na kupeperuka. Bora pigo lisilobadilika, kama unatwanga kwa mpigo mmoja, toka mwanzo wa tuta hadi mwisho. Kuna valvu ndogo ya kufunga kwenye fimbo inayoshikilia presha isipande wala kushuka. Madukani kwetu ni adimu, lakini ukiiona inunue.

Ya betri yanarahisisha hapa, kwa sababu pampu yake inajiwasha na kujizima presha ikifika. Mkono unapumzika. Ila betri ikianza kuchoka presha inashuka kimyakimya, na mistari ya mwisho ya shamba inapata kidogo kuliko ya mwanzo. Chaji kila ukimaliza kazi, usiiache betri tupu stoo mpaka msimu ujao.

Hesabu ya ekari

Hapa ndipo hela na mazao vinapopotelea. Pima mraba wa mita 10 kwa 10 shambani. Jaza maji safi hadi kwenye mstari unaoujua, pulizia mraba wote kwa mwendo wako wa kila siku, si mwendo wa kumwonyesha bwana shamba. Rudi ujaze tena kwa jagi hadi mstari uleule. Lita ulizoongeza zidisha mara 40, utapata lita kwa ekari. Gawa kwa 16, unapata mabomba mangapi.

Chukua wakulima wawili waliopakana, dawa moja ya magugu, na lebo inasema lita 1 kwa ekari. Wa kwanza anatembea haraka, anatumia lita 2 kwenye mraba: lita 80 kwa ekari, mabomba 5. Wa pili anakwenda taratibu na nozeli yake imepanuka, anatumia lita 4: lita 160, mabomba 10. Wote wameambiwa dukani "weka mililita 100 kwa bomba". Wa pili amepata dozi kamili. Wa kwanza amepiga nusu, magugu yamenyauka kidogo yakainuka, na jioni atanipigia simu kwamba dawa ni feki. Wangeambiwa mililita 200, wa kwanza angepata sawasawa na wa pili angemwaga mara mbili ya hela yake. Kwa hiyo swali la "bwana shamba, niweke vifuniko vingapi?" mimi silijibu mpaka nijue mabomba yako kwa ekari. Dozi pungufu kwa wadudu ina hatari zaidi, maana wanaobaki ndio wale wagumu, na ndio watakaozaa.

Lebo nyingine zinataja kipimo kwa lita za maji, siyo kwa ekari. Hiyo fuata kama ilivyo, lakini kumbuka nyanya ya mwezi mmoja na ile iliyofika kiunoni hazili maji sawa. Pima upya mimea ikikua.

Mgongo wako

Bomba linalovuja halipotezi dawa tu. Linaipeleka kwenye ngozi ya mgongo, inashuka kiunoni hadi nyeti, ambako ngozi ni laini na inapitisha sumu haraka kuliko ya mkono. Nilimkuta baba mmoja amevaa bomba shati limelowa kuanzia mabegani hadi suruali. "Shikamoo mzee, hilo ni jasho?" Akacheka, akasema jasho na dawa vimechanganyika, amezoea. Mwili hauizoei. Kwa dawa nyingi za wadudu dalili ni jasho jingi, mate kujaa, kichefuchefu, misuli kutetema, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano. Ukiona hizo acha kazi, vua nguo, oga kwa sabuni na maji mengi, nenda kituo cha afya na lebo ya dawa mkononi.

Kabla ya dawa, jaza maji matupu, pampu mpaka presha ikolee, likalishe juu ya gunia kavu kwa dakika kadhaa, kisha liinamishe. Unyevu utakuonyesha pa kuvuja. Angalia mfuniko hasa: una kitundu cha kuingiza hewa chenye kivalvu. Kikiziba, pampu inashindwa kuvuta na tanki linabonyea. Kivalvu kikipotea, kila ukiinama dawa inakumwagikia shingoni. Nailoni uliyofunga kwenye mpira itoe, ununue mpira.

La mwisho ni kuosha. Suuza mara tatu, maji kidogo kila mara, na kila mara yapitishe hadi kwenye nozeli, kwa sababu dawa inabaki kwenye mpira na fimbo, si kwenye tanki peke yake. Maji hayo yanyunyizie shambani ulikopiga, si mtoni. Dawa ya magugu ya 2,4-D ina ukaidi wa pekee: mabaki kidogo yanatosha kuipinda nyanya, majani yanajikunja na kuwa membamba, na mwenyewe anang'oa miche akidhani ni virusi. Kwa hiyo bomba la magugu liwe la magugu tu. Kama hela ya mabomba mawili haipo, ongea na jirani, mmoja anunue la magugu, mwingine la wadudu, muazimane. Kwenye kata yangu kuna kaya mbili wanafanya hivyo, na lile la magugu wamelipaka rangi nyekundu iliyobaki kwenye mlango.